Vipande Viwili vya Kanzu Nyeupe

Saint Paul, Minnesota
14 Septemba 2008

Dada yangu Thay Wah,

Kabla ya neno lolote, pokea salamu zetu sote: mimi, Ku Htoo, Paw Hser, na huyu mdogo Eh Doh ambaye hamjamtia machoni. Ana mashavu ya Mama, yaleyale. Mwambie Mama hivyo, acheke. Vipi kikohozi chake? Vipi paa, mmepata majani mapya kabla mvua haijaisha? Nasikia huko bado inanyesha. Huku majani ya miti yanaanza kugeuka rangi na watu wanayasifia, lakini jirani ameniambia nisifurahi sana, ni baridi hiyo inapiga hodi.

Sisi tunapumua. Ku Htoo amepata kazi kwenye kiwanda wanakochinja batamzinga. Anaondoka jioni, anarudi asubuhi, vidole vimevimba hawezi kushika kijiko. Anasema wale ndege wanavyokuja mbele yake wamening'inia, wanafanana na foleni yetu ya mgawo wa mchele, hawana mwisho. Anatania, dada, lakini akishamaliza kutania analala na viatu vyake miguuni, namvua mimi.

Paw Hser ameanza shule. Nilimchana nywele nikampa maneno yaleyale uliyotupa sisi tukiwa wadogo: mbele ya mwalimu kunja mikono, usimkodolee macho, usiseme mpaka uambiwe, usijitangulize mbele ya wenzako. Akaitikia. Akapanda basi la njano bila kulia. Aliyelia ni mimi, na Eh Doh akanisaidia.

Usiwe na wasiwasi, tuna watu. Shuleni kuna mwalimu wa watoto wageni, Mwalimu Halvorsen, mwanamke mrefu mpaka mlangoni kwetu huinama. Kila siku anawatoa darasani kidogo anawafundisha Kiingereza peke yao, kisha anawarudisha kwa wenzao. Tena kuna Naw Bleh, Mkaren mwenzetu aliyekulia kambi nyingine. Shule imemwajiri awe mkalimani wa wazazi. Gari lake limejaa makoti ya watoto mpaka dirisha la nyuma halionekani. Na Jumanne akina mama tunasoma Kiingereza chini ya kanisa, watoto wanatambaa katikati ya miguu yetu. Mimi na darasa la sita langu ndiye msomi wao, fikiria.

Nina ombi moja kwa Mama. Kama mgongo wake unaruhusu, amfumie Paw Hser kanzu nyeupe ya msichana. Ile tuliyokuja nayo imeshakuwa fupi. Watoto wa hapa wanavaa za dukani, zilizoshonwa na mashine. Nataka wangu avae ya bibi yake.

Mdogo wako,
Mu Eh


Mae La
Kambi ya wakimbizi, mpakani mwa Thailand
2 Novemba 2008

Mdogo wangu Mu Eh,

Barua yako ilifika na mtu wa kanisa, imekunjamana kama imelaliwa. Tumeisoma mara nyingi. Mimi nilisoma kwa sauti, Mama akawa ananikatiza, "Rudia hapo pa mashavu."

Hatujambo. Paa limekwisha. Shule ina watoto wengi kuliko madawati, na walimu wanapungua kila basi la kwenda uwanja wa ndege linapoondoka. Nimepewa darasa la pili na la tatu pamoja. Nasimama katikati, upande huu hesabu, upande ule kusoma.

Mama anakohoa ila mdomo ni mzima. Kuhusu Ku Htoo amesema, "Mwanamume anayelala na viatu ni mwanamume anayetaka kurudi kwao. Mvue upesi." Kuhusu Paw Hser amesema umfunge uzi mweupe mkononi, roho yake isije ikawa imebaki njiani, maana ndege ile ilikwenda mbio kuliko roho inavyotembea. Na kuhusu kanzu hakusema kitu. Alinyanyuka akatafuta mkanda wake wa kufumia, akaufunga kiunoni, akaniamuru nimpishe penye mwanga. Kipande cha kwanza kimekwisha. Anajisifu mwenyewe, eti uzi umekaza hata maji hayapiti.

Mimi nina swali moja la kialimu. Hujaniambia Paw Hser anasema nini shuleni. Hapa alikuwa haachi kusema.

Dada yako,
Thay Wah


Saint Paul
7 Desemba 2008

Dada Thay Wah,

Salamu kwako na kwa Mama, na kwa watoto wako wa darasani wanaokuita Tharamu, mwalimu wetu, mpaka umesahau jina lako. Sisi wazima. Theluji imeshuka. Eh Doh ameota jino. Ku Htoo mkono mmoja umekufa ganzi, amefungwa bandeji, anafanya kazi hivyohivyo. Paw Hser nimemfunga uzi kama Mama alivyosema. Mwambie ahsante, mwambie mimi namvua Ku Htoo viatu kila siku.

Swali lako ndilo lililonichelewesha kuandika. Hasemi, dada. Shuleni hajasema hata neno moja tangu aende.

Waliniita. Tulikaa kwenye viti vidogo vya watoto, magoti yamefika kidevuni: mimi, mwalimu mkuu, Mwalimu Halvorsen, bwana mmoja ambaye kazi yake ni kupima watoto, na Naw Bleh pembeni yangu. Yule bwana alikuwa amemweka Paw Hser peke yake chumbani, akamwonyesha picha amtajie. Mtoto amekunja mikono, ametazama sakafu, kimya mpaka picha zimekwisha. Bwana akasema kwa upole, kweli alikuwa mpole, kwamba huenda mtoto ana tatizo la kuelewa mambo, na kuna shule nyingine yenye chumba cha watoto wa namna hiyo. Ataacha darasa lake, na saa ya Mwalimu Halvorsen ataiacha pia.

Mwalimu mkuu akaniuliza, "Unaonaje, mama?"

Nikasema, "Ndiyo, mwalimu."

Naw Bleh akaninong'oneza kwa lugha yetu, "Dada Mu Eh, unaweza kukataa. Hapa mzazi anaruhusiwa."

Mwalimu mkuu akauliza tena kama nina swali. Wote wananitazama. Wamevaa vizuri, wameacha kazi zao kwa ajili ya mtoto wangu, na chai walinipa. Nikasema, "Hapana swali, mwalimu. Ahsante, mwalimu." Nikatia sahihi waliponionyesha.

Nje ya mlango Naw Bleh akanishika mkono. "Kwa hiyo umekubali?"

"Sikukubali. Mwalimu akisema utamjibuje?"

"Sasa hapa, dada, ukimjibu hivyo umekubali."

Sikumwambia Ku Htoo siku ile. Kesho yake alipoamka nilimwambia wameona mtoto ahamie chumba chenye watoto wachache. Akasema, "Vizuri, atapata joto." Mwulize Mama anaonaje. Yeye anajua mambo ya watoto kunyamaza. Alisema mimi nilinyamaza mwaka mzima tulipovuka mto tukikimbia, kweli?

Mu Eh


Mae La
25 Januari 2009

Mdogo wangu,

Hatujambo. Baridi ya mwaka huu imekuwa kali hata huku. Mama hajambo, anawasalimu.

Nitasema kama dada kwanza, kisha kama mwalimu. Kama dada: nimekasirika. Hukuwahi kumkatalia mtu kitu tangu utoto. Wenzako walikuwa wanakuomba nyama ya bakuli lako, unawapa, halafu unakuja kulia kwangu. Mimi ndiye niliyekuwa nakwenda kuwadai. Sasa huko siwezi kuja kudai.

Kama mwalimu: mtoto huyo hana kasoro. Alikuwa anakaa mlangoni pa darasa langu ana miaka minne na anaitikia na wakubwa. Lakini aliitikia na wenzake. Kwetu darasa hujibu pamoja. Nani amewahi kumchukua mtoto wa Kikaren akamweka peke yake mbele ya mwanamume mgeni akamwambia ajionyeshe? Juzi niliwaangalia watoto wangu wote, wamekunja mikono wananisubiri niseme. Nikamwita mmoja peke yake nikamwuliza jina la mnyama pichani. Alikuwa nguruwe, na kwao wanaye mmoja amefungwa nyuma ya nyumba. Hakujibu. Nikawauliza wote, paa likataka kuruka.

Rudi shuleni. Sema hapana. Ni neno fupi.

Usinipigie simu pale kwa mwenye duka, kila mtu anasikiliza na laini inakatika. Andika tu.

Thay Wah


Saint Paul
1 Machi 2009

Dada,

Salamu nyingi. Barua yako nimeisoma nimesimama, na theluji ikiyeyuka viatuni. Ulivyonikasirikia nimefurahi, maana ni sauti yako kabisa. Ila hukuniandikia Mama alisema nini. Yeye hakosi la kusema. Au amechoka kunisikia?

Sasa Paw Hser anachukuliwa na basi dogo. Watoto wa kona yetu wanapanda basi refu la njano, naye amesimama upande wake peke yake na koti lake la Naw Bleh, linamfika miguuni. Walimu wa kule hawana ubaya. Wanamkumbatia, wanamfunga kamba za viatu. Lakini siku nzima wanapanga vipande vya mbao vya rangi. Nikamwuliza leo umesoma nini, akasema, "Bluu." Kesho yake, "Bluu tena, Mama."

Basi nisikilize. Juzi nilikuwa naosha vyombo, yeye nimemwambia amwogeshe Eh Doh kwenye beseni. Nikamsikia anasema Kiingereza, dada. Si neno moja. Anamwambia mdogo wake kaa chini, sikiliza, hii ni pua, haya ni maji ya moto, vizuri sana rafiki yangu. Kwa sauti ya Mwalimu Halvorsen kabisa, hata ile ya kushusha pumzi akichoka. Mengine sikuyajua, na yale niliyoyajua nilikuwa nimefundishwa Jumanne ile ile chini ya kanisa. Nikatokeza kichwa, akanyamaza. Nikarudi kwenye vyombo, akaendelea. Nilisugua sufuria moja mpaka ikang'aa, sitaki kufunga bomba nikamkatiza.

Nikamhadithia mama mmoja wa dukani, Mhmong anayetuuzia machipukizi ya mianzi na dagaa wa kuvundika. Wahmong nao ni wakimbizi kama sisi, ila walifika hapa kabla yetu, wanaijua nchi. Akasema, "Sasa umekuja kuniambia mimi nikufanyie nini? Mimi mwalimu? Kawaambie wao."

"Naona haya. Nimsifu mwanangu mwenyewe mbele ya watu?"

"Wewe endelea na haya zako, mwanao aendelee na mbao zake. Chukua na malimau, mawili ya mwisho."

Nikamwendea Naw Bleh. Akasema tutaomba mkutano mwingine, ni haki yetu, ila nikienda kusema ndiyo tena ataniacha nirudi nyumbani kwa miguu. Jumanne akawaambia akina mama wote wafunge madaftari. Akavaa miwani ya mzee mmoja wa kanisa, akawa mwalimu mkuu. Kila mama akaitwa mbele akatae kitu.

"Mama, naomba koti lako."

"Ndiyo, mwalimu, chukua."

"Keti chini. Anayefuata. Mama, mtoto wako nitamnyoa kipara."

"Ndiyo, mwalimu. Ahsante, mwalimu."

Tulicheka mpaka mmoja akakimbilia chooni. Bibi mmoja wa umri wa Mama aliambiwa, "Nyumba yako naivunja kesho." Akafikiri, akasema, "Ndiyo, mwalimu, lakini njoo mchana, asubuhi ninalala." Ilipofika zamu yangu nilifungua mdomo, neno likaja mpaka hapa kwenye meno, likarudi.

Ninachoka, dada. Si uchovu wa kazi. Lakini naamini litatoka. Mkutano ni Mei.

Mu Eh

Mwambie Mama aseme kitu. Chochote.


Mae La
12 Aprili 2009

Mdogo wangu,

Kanzu hii hapa, nimeifunga nikampa mtu anayesafiri na kundi la mwezi huu. Imechelewa, msamehe aliyeichelewesha. Mama hajambo, anawasalimu.

Nimefurahi kwa habari ya beseni. Mwambie mwalimu habari hiyo kama ulivyoniambia mimi, pamoja na sufuria.

Siku ya mkutano vaa nguo yako ya Kikaren. Usiende umejificha kwenye koti.

Joto limeanza. Kazi ni nyingi. Sina zaidi.

Thay Wah


Saint Paul
24 Mei 2009

Dada yangu Thay Wah,

Salamu kwako. Huku jua limerudi, watu wanatembea wanachekacheka ovyo. Eh Doh anasimama kwa kushika ukuta. Ku Htoo amehamishwa sehemu ya kufunga maboksi, mkono umepata nafuu, na sasa anavua viatu mwenyewe.

Nilikwenda. Nilivaa nguo yangu, na Ku Htoo akaja, hajalala, macho mekundu. Viti vilevile vidogo. Walikuwa walewale, na Naw Bleh. Yule bwana wa vipimo akasema mtoto ametulia vizuri kule, hasumbui mtu, wangependa abaki na mwaka ujao. Mwalimu mkuu akageuka kwangu.

"Unaonaje, mama?"

Dada, akilini nilimwona Paw Hser na koti lake pale konani. Nikasema, "Hapana, mwalimu."

Kwa Kiingereza, mwenyewe. Naw Bleh hakuwa na cha kutafsiri. Ku Htoo alinitazama kama nimemmwagia mtu maji ya moto. Nikangoja wakasirike. Mwalimu mkuu akachukua kalamu, akasema, "Sawa. Tueleze." Basi. Sawa, tueleze. Miezi yote ile nilikuwa naliogopa hilo.

Nikaeleza, hapo Naw Bleh akafanya kazi yake. Nilisema habari ya beseni, nikamsifu mwanangu mbele ya watu, uso ukaniwaka. Nikasema kwetu mtoto mwenye adabu hajitangulizi, kwetu darasa hujibu pamoja, na mimi ndiye niliyemwambia asiseme mpaka aambiwe. Nikasema na dada yangu ni mwalimu, naye amejaribu kwa picha ya nguruwe. Mwalimu Halvorsen akacheka kidogo, kisha akaona si la kucheka. Akauliza, "Ile siku ya kwanza uliposema ndiyo, ilikuwa ndiyo kweli?"

Nikatazama sakafu. "Ilikuwa ya heshima, mwalimu."

Akasema, "Basi kosa ni letu pia. Tungeuliza mara ya pili." Sasa amesema kila mzazi wa watoto wake ataulizwa mara mbili, siku mbili tofauti, mara ya pili nyumbani kwake mwenyewe. Naw Bleh anasema petroli yake ndiyo itakayolia.

Walimpima tena, safari hii na wasichana wawili Wakaren kando yake, na Naw Bleh chumbani. Waliambiwa wajibu pamoja. Yule bwana alikuja mwenyewe kuniambia, na alinipa mkono. Septemba anarudi darasa lake na kwa Mwalimu Halvorsen. Si kwamba yamekwisha. Amepoteza mwaka, kusoma yuko nyuma, na peke yake bado hafungui mdomo. Watamwangalia. Lakini atapanda basi refu.

Sasa la kanzu.

Ilifika Jumamosi ya juzi. Paw Hser aliivaa palepale, akalala nayo. Alipolala niliipapasa. Kanzu zetu ni vipande viwili vinavyoshonwa katikati, wewe unajua, na mimi najua. Kipande cha kulia uzi umekaza, mstari mwekundu umenyooka kama umechorwa, hata maji hayapiti. Kipande cha kushoto kimelegea. Mstari unapanda, unashuka, unajirekebisha, unapanda tena. Dada, hujawahi kukaza uzi tangu utoto. Mama alikuwa anakupiga vidole kwa hilo.

Nilijiambia labda mgongo wa Mama ulichoka ukamalizia wewe. Kisha nikatoa barua zako zote nikazipanga. Kuanzia Januari Mama hasemi kitu. Anasalimu tu.

Huku nimefundishwa kuuliza mara ya pili. Kwa hiyo nakuuliza, nyumbani kwako mwenyewe, na usinijibu kwa heshima. Mama hajambo?

Mu Eh


Mae La
19 Julai 2009

Mdogo wangu Mu Eh,

Hapana.

Mama alifariki Desemba, wiki mbili kabla barua yako ya viti vidogo haijafika. Kikohozi kilishuka kifuani. Hakuteseka siku nyingi. Mkanda ulikuwa bado kiunoni mwake asubuhi ile, alikuwa ametanda nyuzi za mtande wa kipande cha pili na kufuma upana wa kiganja tu. Watu wa sehemu yetu wote walikuja. Walimu walimbeba.

Alikuwa amesema, "Usimwambie Mu Eh mpaka mtoto atulie." Hilo ni kweli alisema. Lakini nisijifiche nyuma yake. Hata asingesema, nisingeweza. Kila nikikaa kuandika, mkono unaandika "Mama hajambo" wenyewe. Nilikukasirikia kwa ndiyo yako na mimi nilikuwa naandika yangu.

Nilikifumua kile kiganja chake? Sikukifumua. Kitafute chini kabisa, upande wa kushoto, karibu na pindo. Hapo mstari umenyooka. Kuanzia hapo kwenda juu ni mimi, darasa likitoka, najikwaa na kujirekebisha. Kwa hiyo usiseme kipande changu. Ni chetu.

Swali lako la kunyamaza, nimekaa nalo. Ni kweli. Tulipovuka mto hukusema mwaka mzima. Mama hakukupeleka popote. Alikuwa anafuma na wewe umekaa ubavuni, anaongea na uzi, na siku moja ukamwambia, "Umeruka mmoja."

Kila mara nilipoulizwa kama nami nitahamia huko, nilisema siondoki kwa sababu ya Mama. Sasa Mama hayupo na bado nasimama katikati ya madarasa mawili. Sijui nitasema nini nikiulizwa tena. Ila naona ni vizuri kuulizwa.

Nakutumia nyuzi zilizobaki kwenye mtande wake. Nyeupe. Ni za mikono ya watoto.

Dada yako,
Thay Wah


Saint Paul
4 Oktoba 2009

Dada yangu,

Pole. Pole wewe uliyekuwa peke yako naye, pole kwa kuzibeba salamu za mtu ambaye hayupo miezi yote hiyo. Sikukasirika. Nililia kwenye beseni la vyombo, bomba likiwa wazi, mpaka Ku Htoo akaja akalifunga akanishika mabega. Kanisani waliimba kwa ajili ya Mama, watoto wakiwa chumba cha chini. Mama wa dukani alileta mchele na samaki, akaweka mlangoni akaondoka bila kutaka kuulizwa kitu.

Kiganja chake nimekiona. Ni pale pale uliposema.

Sisi wazima. Majani yanageuka rangi tena, na mimi sasa ndiye ninayewaambia wageni wasifurahi sana. Jumanne Naw Bleh ananipa miwani, mimi ndiye mwalimu mkuu. Juzi nilimwambia yule bibi, "Naivunja nyumba yako kesho." Akanitazama, akasema, "Hapana," kisha akaniomba radhi mpaka darasa likaisha.

Paw Hser anapanda basi refu. Wiki iliyopita ilikuwa siku ya kuvaa nguo za kwao, akavaa kanzu. Mwalimu Halvorsen alikuja nyumbani jioni, akainama mlangoni, akavua viatu. Anasema watoto walikuwa wamekaa duara, msichana mmoja akaushika mstari mwekundu, akauliza nani amefuma. Mwalimu hakumwambia Paw Hser ajibu. Aliendelea kupanga vitabu. Na Paw Hser akasema, peke yake, mikono ameikunja, "Bibi yangu anafuma. Na mama mkubwa anamsaidia."

Mwalimu alikuwa na furaha sana akinieleza. Naw Bleh akatafsiri mpaka hapo kwenye "anafuma", kisha akanitazama kabla hajamalizia.

Sijamwambia mtoto, dada. Nilijiambia asubiri atulie, na nilipojisikia nikisema hivyo nilijua ni maneno ya nani. Basi nimeamua. Jumamosi Ku Htoo hana zamu. Nitawafunga watoto nyuzi kwanza, huyu na huyu, zile za mtande wake, ili roho zao ziwe karibu. Kisha Paw Hser ataniuliza Bibi hajambo, maana huuliza kila akiiona bahasha yako. Ataniuliza, nami nitataka kusema ndiyo. Ataniuliza mara ya pili, namjua, amefundishwa.

Na mimi nitakaa naye hapo chini nimjibu.

Mdogo wako,
Mu Eh